Mapera ya Susu na Macho ya Mama Tochi

Nilipokuwa mtoto, katika chumba chetu cha mtaa wa Shauri Moyo, chakula kizuri kililiwa mlango ukiwa umefungwa. Ugali na sukuma wiki ungeweza kuula pale kizingitini, sahani mapajani, na mpita njia akakusalimia. Lakini siku ya chapati, au siku Baba aliporudi na nyama kutoka soko la Burma, Mama alisukuma komeo kwanza ndipo akapakua. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Sababu iliishi mlango wa pili kutoka kwetu.

Watu wazima walimwita Mama Nekesa wakiwa mbele yake. Alitoka upande wa Bungoma, na bintiye Nekesa alikuwa amebaki huko kwa nyanya yake. Sisi hatukuwahi kumwona. Akishapita, jina lilibadilika. Akawa Mama Tochi, kwa sababu alikuwa na namna ya kukutazama bila kupepesa, kama anayekumulika. Akitokea kwenye kona na mmoja wetu ana kitu mkononi, tulipeana habari kwa sauti ya chini: "Ficha chapo, tochi inakuja." Tulicheka, lakini chapati tuliificha kweli.

Ilisemekana ana jicho. Ushahidi ulikuwepo, wa aina inayopatikana katika mambo haya. Mtoto mmoja alikula mandazi mbele yake, na jioni akashikwa na tumbo. Mwanamke wa laini ya nyuma, safu ya nyumba nyuma ya yetu, alikuwa akisonga ugali Mama Tochi alipokuja kuomba chumvi, na ugali ukatoka na madonge. Hakuna aliyehesabu matumbo yaliyouma na ugali ulioharibika wakati yeye hayupo.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, mdogo wangu Mutua alikuwa na mitatu na alikuwa hanenepi. Alikula, akatapika, akalala. Kliniki walimpa dawa ya minyoo, kisha ya kuongeza hamu ya kula, kisha wakasema tumrudishe baada ya mwezi. Mama aliuza nguo za watoto katika soko la Gikomba na hakuwa na siku nyingi za kukaa kwenye benchi la kliniki. Baba aliendesha lori na tulimwona Jumapili moja moja. Kwa hiyo Mama alituma habari kijijini Kangundo, na Susu akaja. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Alikuja na kiondo cha mapera na jibu tayari kichwani.

"Huyu mtoto anakula vizuri," alimwambia Mama, baada ya kumpapasa Mutua mbavu. "Ila na yeye analiwa. Analiwa na macho."

Mama hakukubali, wala hakukataa. Alisema kesho yake ni Jumamosi, siku ya soko kubwa, na angeondoka mapema. Nadhani hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Dawa aliyoijua Susu haikuwa ya mganga. Alikuwa mwanamke wa kanisa na waganga hakuwapenda. Ilikuwa chakula. Mtoto anayeliwa na macho hupikiwa kitu kitamu ambacho hakuna mgeni aliyekiona tangu mwanzo hadi mwisho, na yeye hula tonge la kwanza kutoka kwenye chungu chenyewe. Baada ya hapo macho hayampati tena. Sharti lilikuwa moja: chungu kikishawekwa motoni, mlango haufunguliwi, na mtu akibisha hodi haitikiwi, mpaka mtoto ameze.

"Ukisema karibu," Susu aliniambia, "umempa mwenye jicho chungu chake. Na atakuja tu; akikitazama, kitaharibika."

Asubuhi hiyo tuliyakata mapera sakafuni, juu ya gazeti. Yalikuwa yale yenye nyama ya waridi ndani. Kazi yangu ilikuwa kuchokoa mbegu kwa kijiko na kuacha ganda kama kikombe kidogo. Susu aliyakatakata, akayachemsha kidogo na sukari na kipande cha mdalasini mpaka yakalegea, kisha akayatandaza kwenye sufuria aliyoipaka siagi. Juu yake alinyunyiza unga wa ngano aliousugua na siagi na sukari kwa ncha za vidole, hadi ukawa kama mchanga mkavu. Alikuwa amejifunza kwa kina mama wa kanisa, nao walijifunza kwa mwalimu wao fulani wa zamani. Haikuwa na yai, haikuwa na maziwa, haikuumuka. Sisi tuliiita keki kwa kukosa jina lingine. Tangu wakati huo nimekula vyakula vya namna hiyo kwenye hoteli, vimeokwa kwa umeme na kupambwa, na bado sijapata kilichonukia kama sufuria ile.

Hatukuwa na ovena, na ni nyumba chache tu za kanjo, yaani za baraza la jiji, zilizokuwa nayo. Uliweka sufuria juu ya jiko lenye makaa machache, ukaifunika kwa mfuniko bapa wa bati, na juu ya mfuniko ukapanga makaa mengine. Moto juu, moto chini. Kwa kawaida kazi hiyo ilifanyiwa nje, kibarazani, kila mtu akiona. Susu aliwasha jiko nje, kama ilivyo desturi, na akangoja mpaka makaa yakakolea na moshi ukaisha. Aliinama akanusa. Hapakuwa na moshi. Kisha akalibeba jiko ndani.

Moshi ndio sote tuliojua kuuogopa. Ulikuwa unawasha macho na kukohoza, kwa hiyo ulipoisha, jiko lilihesabiwa kuwa salama. Hilo halikuwa kosa la Susu peke yake. Laini nzima iliamini hivyo, na baridi ya Julai nyumba nyingi zililaza jiko ndani.

Alisukuma komeo, lililokuwa juu karibu na fremu, mahali nisipofika bila kupanda stuli. Dirishani aliziba kwa blanketi, na chini ya mlango akakunja leso na kuisukuma kwa mguu. Harufu isitoke, alisema, maana hata harufu hutazamwa. Akapanga makaa juu ya mfuniko kwa koleo, moja moja, akaketi kitandani na Mutua mapajani. Mimi niliketi sakafuni, mgongo ukutani.

Mwanzoni ilikuwa raha. Chumba kilipata joto, jambo ambalo hatukulizoea mwezi ule. Harufu ya mapera na sukari inayoungua ilijaa mpaka ukahisi unaweza kuimeza. Mutua aliuliza kama imeiva, kisha akauliza tena. Nje nilisikia nyundo za mafundi wa mabati, zile ambazo husikika Shauri Moyo kutwa hadi huzisikii tena. Nilizisikia siku hiyo kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusikiliza.

Kisha nikaanza kuumwa na kichwa. Hakikuwa kichwa cha homa. Kilikuwa kama kitambaa kilichofungwa kwenye paji na mtu akizidi kukikaza. Nilimwambia Susu. Akasema na yeye anaumwa.

"Amejua," alisema. "Anaivuta kupitia ukutani."

Niliutazama ukuta. Baada yake kilikuwa chumba cha fundi cherehani, na baada ya hicho ndicho chumba cha Mama Tochi. Niliamini bila shida. Jambo lote lilikuwa limepangika: tulimfungia nje, na sasa yeye alikuwa anatukamata ndani. Nilitaka kutoka, nikaogopa kutoka. Nikijaribu leo kueleza maana ya kunaswa, nakumbuka dakika hizo. Ningeweza kuufungua mlango, na niliamini nikiufungua mdogo wangu atakufa.

Mutua hakuuliza tena kama imeiva. Alikuwa amelala, shavu limekuwa jekundu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwa mtoto mweusi kama yeye, na mdomo wazi. Susu alisema ni vizuri, alale, tutamwamsha kwa kijiko. Aliongea polepole, kama mtu anayetafuta maneno ya lugha ya wengine.

Ndipo tukasikia hodi.

Niliijua sauti. Susu akaweka kidole mdomoni. Hodi ikaja tena. Miguu ikaondoka, nikapumua, kisha ikarudi, safari hii upande wa dirisha. Nyuma ya blanketi kioo kikagongwa kidogo, kwa kucha.

Alianza kwa kuuliza kwa sauti ya kawaida, kama jirani yeyote, nani ameachwa na watoto. Alijua Mama yuko Gikomba. Alisema alikuwa mferejini anafua tangu asubuhi, na aliona jiko likiingia, na hajaliona likitoka. Alisema alitusikia tukiongea, kisha hatukuongea tena. Akangoja.

"Mwende," aliniita. "Uko hapo?"

Nilimtazama Susu. Alitikisa kichwa, na kichwa chenyewe kikachelewa kusimama. Nilijaribu kuinuka, nikarudi sakafuni. Nyundo za mafundi zilikuwa zimekwenda mbali sana, kama zimehamia mtaa mwingine.

"Kaa chini," Susu aliniambia. "Usimpe."

Nikatambaa mpaka kitandani nikamshika Mutua mkono, niombe aamke, ale, yaishe. Nilipouachia, mkono ulianguka kando ya kitanda ukabaki unaning'inia. Mutua alikuwa mtoto ambaye ukimgusa usingizini anakupiga teke. Nilimfinya. Hakupiga teke.

Mlangoni, kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza, kama mtu asiyetaka majirani wengine wasikie, yule mwanamke akasema tena.

"Mwende, mtoto wangu. Najua mnaniita nani. Sitaangalia chakula chenu. Nimefumba macho. Wewe fungua tu."

Nimefanya kazi ya habari kwa miaka mingi na nimewahoji watu wakiwa katika saa zao mbaya kabisa. Sijasikia mtu akisema maneno yaliyomgharimu kama yale. Lakini wakati huo sikufikiria gharama. Nilifikiria jambo dogo la kitoto: kama amefumba macho, basi sharti halijavunjwa. Alikuwa amenipa njia ya kupita.

Niliburuta stuli. Susu alinyoosha mkono kunizuia na haukunifikia. Nilipanda, nikashuka bila kutaka, nikapanda tena. Komeo lilikuwa na joto. Lilipoteleza, leso ya chini ilizuia mlango, nami nikasema lile neno kabla haujafunguka, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa kumwambia mgeni.

"Karibu, Mama Nekesa."

Alisukuma kwa bega. Alikuwa amefumba macho kweli, amekaza kope kama mtu anayepuliziwa vumbi, mikono mbele, povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Baridi iliingia pamoja naye.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza, bado amefumba.

"Kitandani. Haamki."

Akafumbua macho.

Yaliyofuata yalikwenda haraka na sikuyaona yote. Alimtwaa Mutua, akampitisha juu ya kichwa changu, akamlaza nje kwenye simiti karibu na mfereji. Akarudi akanivuta kwa mkono. Akarudi tena kwa Susu, ambaye alikuwa ameshateremka kitandani peke yake na kushika fremu ya mlango, na hakutaka kushikwa. Kisha alikunja leso ile ile ya mlangoni, akaishika nayo sufuria, akaitoa na makaa yake juu ya mfuniko. Mfuniko uliteleza kizingitini. Makaa na majivu yakamwagika ndani ya mapera, na keki yetu ikalia kwa mvuke kama chuma kilichotumbukizwa majini.

Watu walikuja. Mtu alimmwagia Mutua maji usoni. Alibaki kimya kwa muda ambao Mama, alipousimulia baadaye, aliurefusha kila mara ingawa hakuwepo. Halafu akatapika, akalia. Sikujua kabla ya siku ile kwamba kilio cha mtoto kinaweza kuwa sauti ya faraja.

Mama Nekesa alikwenda kwake akaleta maziwa katika kikombe cha bati na kutaka sote tunywe, maana kwao aliyevuta hewa ya jiko hunyweshwa maziwa. Mimi nilikunywa. Susu alikitazama kikombe.

"Maziwa ya nani?" aliuliza.

"Ya duka, mama. Nimeyanunua leo."

Hakuyanywa. Alikuwa akiitazama sufuria pale chini, majivu yakiwa yamelowa sukari.

"Nilisema akiitazama itaharibika," alisema, si kwa hasira. "Haya, imeharibika."

Alirudi Kangundo wiki iliyofuata na hadi alipofariki hakubadilisha simulizi yake. Sikumlaumu, na hata leo, nikipanga mambo kwa utaratibu wa kazi yangu, naona kwamba kwa upande wake hakuna kilichokosa kulingana. Alisema yule mwanamke atakuja, akaja. Alisema anatuvuta, tukavutika. Alisema akiitazama sufuria itaharibika, ikaharibika papo hapo. Hata Mutua alianza kunenepa mwezi wa Septemba, na Susu akasema ni kwa sababu jicho lilikula keki badala ya mtoto. Mama alisema ni dawa mpya ya kliniki. Kuna daktari aliyenieleza miaka mingi baadaye, nilipokuwa naandika habari ya familia moja iliyolala na jiko, kwamba makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayoua kimyakimya, na kwamba maziwa hayasaidii chochote. Kinachosaidia ni hewa. Kwa hiyo wanawake wote wawili waliamini jambo lisilo kweli. Ila imani ya mmoja ilifunga mlango, na ya mwingine ilikuja baada ya mlango kufunguliwa.

Ni Mama aliyejua habari ya macho. Jioni ya Jumamosi ile alikwenda kushukuru akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alimwambia Susu, nikisikia. Mama Nekesa alifanya kazi kiwandani, upande wa viwanda, mbele ya chupa tupu zinazopita zikimulikwa kwa taa kwa nyuma. Kazi yake ilikuwa kutoa zenye ufa. Ukipepesa, ufa unapita. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi hadi macho yakasahau namna nyingine ya kutazama. Susu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba hata kazi huwa inachagua mtu.

Desemba Mama alioka keki ile tena. Mapera yalitoka kwa Susu, aliyeyatuma bila neno. Safari hii jiko lilikuwa kibarazani, mlango wazi, na Mama akamtuma mtoto wa jirani amwite Mama Nekesa. Alikuja amevaa nguo ya kanisa. Watoto wa laini walisimama mbali kidogo na sikusikia yeyote akitaja tochi.

Mama alimpa kiti na sahani. Mama Nekesa alishukuru, akaonja, akasema imekolea. Halafu tulipopewa sisi zetu, aliinuka, akageuza kiti kwa adabu, taratibu, mpaka akawa ameelekea ukuta, na akaendelea kula akiwa ametupa mgongo. Mama aliacha kupakua. Mimi nilikuwa na kijiko njiani. Sote tulielewa alichokuwa anafanya.

Mutua peke yake hakuelewa. Alibeba sahani yake kwa mikono miwili, akamzunguka, akajibana kati ya magoti yake na ukuta, akaketi chini akimtazama usoni. Akaanza kula. Mama Nekesa alifumba macho. Mutua alimgonga goti na kijiko.

"Angalia," alimwambia. "Nimemaliza upande huu."

Siku hizi, habari za watu waliolala na jiko zikiletwa mezani kwangu, huwa na sentensi moja iliyozoeleka: majirani walishuku baada ya kuona mlango haufunguliwi. Huwa namrudishia mwandishi na kumwomba aulize ni jirani gani, na alikuwa anaitwa nani mtaani kabla ya siku hiyo. Wengi hunijibu kwamba haijalishi. Mutua, ambaye sasa ana watoto wawili na tumbo, hakumbuki chochote cha Julai ile. Anachokumbuka ni kwamba kulikuwa na mama mmoja aliyependa kufumba macho wakati wa kula, na kwamba ukimgonga goti, aliyafumbua.